Wekundu wa Mshtarii

Mwanangu Mwanaidi,

Juzi uliniuliza, simu ikakatika: lile doa jekundu la sayari ya Mshtarii mbona dhoruba yake haiishi, na wekundu wenyewe umetoka wapi?

Nianze na jepesi. Kimbunga Hidaya unakikumbuka, Mei 2024. Kilipofika Mafia kikaishiwa nguvu, maana kimbunga hula joto la bahari, nchi kavu hukinyima. Mshtarii haina nchi kavu. Ni haidrojeni na heliamu tele. Doa limebanwa kati ya mikondo miwili ya upepo inayokwenda kinyume, basi linazunguka kama donge la chapati baina ya viganja. Watu wanalitazama tangu karne ya 19. Ila linasinyaa: mwaka 1979, vyombo vya anga vya Voyager vilipopita, lilikuwa na upana wa kilomita 23,000 hivi, mwaka 2017 likawa kama 16,000. Bado Dunia yetu inaingia nzima.

Rangi ndiyo inayowatoa watu jasho. Weupe wa mawingu ya juu ni barafu ya amonia. Wekundu, hata chombo cha anga cha Juno kilichoanza kuizunguka sayari ile mwaka 2016 hakijamaliza ubishi. Wengi husema dhoruba huinua gesi juu sana, jua likaziunguza zikageuka rangi. Mimi naegemea huko kwa sababu ya kisa kimoja. Kulikuwa na dhoruba tatu nyeupe, zilizojitokeza mwishoni mwa miaka ya 1930. Zikamezana, na mwaka 2000 ikabaki moja, nyeupe vilevile. Mapema 2006 Christopher Go, mpiga picha za anga wa Ufilipino, asiye mwanasayansi wa kuajiriwa, akaikuta imekuwa nyekundu! Ni dhoruba ileile, ukanda uleule. Mimi nadhani ilipanda juu zaidi.

Kwa darubini uliyoniletea naona mikanda miwili ya kahawia na miezi minne imejipanga. Doa nimelipata mara moja tu, limefifia kama tone la chai kwenye kanzu iliyofuliwa. Mama yako alichungulia, akasema nifute kioo. Tukingoja, Mshtarii hujizungusha kwa saa zisizotimia 10, kwa hiyo lisipokuwa upande wetu jioni huenda likaja usiku wa manane, na mimi siku hizi usingizi hauniachi.

Ukija Idi niletee kichujio cha buluu cha darubini, cha inchi moja na robo. Chekundu kikitazamwa humo huwa cheusi, labda mama yako ataamini.

Baba yako