Majani ya mmea mpya kuyeyuka kwenye tangi la samaki

Ndugu, kwa kuwa umeeleza kwamba majani ya mmea wako wa majini uitwao Cryptocoryne yameyeyuka siku chache tu baada ya kuupanda kwenye tangi lako la lita 40, nakusihi usiung'oe bado. Mmea huu hupukutisha majani unapohamishwa, hasa ukiwa umekuzwa kitaluni majani yakiwa nje ya maji, na iwapo mizizi ingali migumu na myeupe ukiigusa, majani mapya yaliyozoea maisha ya majini huchomoza baada ya wiki kadhaa. Kata yaliyooza tu, yasije yakachafua maji.

Anubias uliyoitaja, mmea mwingine wa majini, ni habari nyingine: shina lake nene linalotambaa, lile linalotoa majani juu na mizizi chini, lisifukiwe kwenye changarawe kwa sababu litaoza, bali lifungwe kwa uzi juu ya jiwe.

Taa iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku, kwani mimea ambayo haijashika mizizi haiwezi kuutumia mwanga mwingi, na anayefaidi ni mwani, ule ukijani unaotanda kwenye vioo na majani. Mbolea, kwa maoni yangu, isubiri jani jipya la kwanza.