Pokémon wote anawajua, tebo hajui

Tangu shule zifungwe, karibu kila mzazi anayeniandikia ana mtoto mwenye ugonjwa uleule: Pokémon. Kwa ambao hamjaambukizwa, ni gemu za Kijapani ambamo mchezaji anakamata viumbe wa ajabu, anawalea na kuwapambanisha. Leo nawajibu kwa mkupuo.

*Mwanangu wa darasa la nne anataja majina mia na zaidi bila kukosea, lakini tebo ya sita inamshinda. Tatizo ni nini? (Mama, Nkuhungu)*

Dada, kichwa kinachohifadhi majina mia hakina tatizo. Tatizo ni kwamba tebo haijamgusa popote. Sasa mguse hukohuko aliko. Pikachu, kiumbe wa umeme, ana kilo 6. Snorlax, lile dubwana linalolala, ana kilo 460. Muulize: ukimweka Snorlax upande mmoja wa mizani, upande wa pili wakae Pikachu wangapi? Wa kwangu alichora vijiduara mpaka karatasi ikajaa, akakata tamaa, ndipo akaomba mwenyewe afundishwe kugawanya kwa 6. Jibu ni 76 na baki 4. Hiyo baki ilimsumbua hadi wakati wa kula: "Sasa hizo kilo nne ni za nani?" Tukaenda mbele, tukampima Snorlax kwa magunia ya mahindi ya kilo 100.

Kuna utamu mwingine kwenye mapambano. Kila kiumbe ana aina yake, kama maji, moto au majani. Maji yakipiga moto, nguvu inazidishwa kwa 2. Yakipiga majani, inabaki nusu. Kiumbe mwingine, Geodude, ni wa mwamba na ardhi kwa pamoja, na maji yanamuumiza mara mbili kwa kila aina, kwa hiyo shambulio la maji lenye nguvu 40 linamfikia likiwa 160. Lakini Pikachu akimpiga kwa umeme? Sufuri, kwa sababu umeme hauigusi ardhi. Nimewahi kumweleza mtoto kwa wiki nzima kwa nini namba yoyote mara sufuri ni sufuri, asielewe. Geodude alimwelewesha kwa dakika moja, nami nikabaki nimeshika chaki.

*Hatuna mashine ya gemu, na kadi za kuchezea za Pokémon ni ghali. Tufanyeje? (Baba, Kondoa)*

Kata boksi la sabuni. Sisi tulitoa kadi 20 kwenye boksi moja, tukaacha Wajapani na viumbe wao, tukatengeneza wa kwetu. Pimbi anayeota jua kwenye mawe tukampa aina ya mwamba, na nyuma ya kadi mtoto akaandika jambo lililomshangaza: ndugu zake wa karibu ni pamoja na tembo. Mbuyu ukawa wa majani na maji, kwa kuwa shina lake linahifadhi maji kwa ajili ya kiangazi. Nungunungu alizua ugomvi, maana kaka mtu alidai anarusha miiba kama mishale. Harushi, miiba inachomoka ikimgusa adui. Ilibidi kadi ifutwe na kuandikwa upya. Binti mdogo naye akang'ang'ania mlenda uwe na kadi yake, shambulio lake "utelezi". Mpaka leo haujashindwa.

*Hawa viumbe "wanabadilika" kuwa wengine. Si tunawafundisha watoto sayansi ya uongo? (Mwalimu, Chamwino)*

Umegusa penyewe, mwalimu. Kwenye gemu wanaita mageuzi, lakini mageuzi halisi hutokea kwa vizazi na vizazi, si kwa mnyama mmoja mbele ya macho yako. Kinachofanana zaidi na gemu ni kiwavi kuwa kipepeo. Caterpie akifika ngazi ya 7 anakuwa Metapod, ya 10 anakuwa Butterfree: kiwavi, buu, kipepeo.

Na mvua hizi za Desemba zimekuletea maabara. Kagua mlimau au mchungwa wowote hapo jirani. Utaona vitu kama mavi ya ndege juu ya majani. Hao ni viwavi wachanga wa kipepeo wa michungwa. Wakikua wanageuka kijani. Mguse mmoja taratibu kwa kijiti: nyuma ya kichwa zinachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali inakupiga puani. Caterpie naye ana pembe nyekundu kichwani, na naye hutoa uvundo akitishwa. Wanangu walipiga kelele majirani wakaja. Tuliweka wawili kwenye ndoo iliyofunikwa chandarua, tukibadilisha majani kila asubuhi. Mmoja alikufa. Wa pili alitoka kipepeo siku ambayo hakuna aliyekuwa akimtazama.

*Mama mkwe anasema hao ni majini. (Mama, Kisasa)*

Usibishane naye, mkaribishe. Mwambie aliyebuni gemu hiyo, Satoshi Tajiri, alikuwa mtoto wa kukamata wadudu, na gemu ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1996, ilitokana na mapenzi hayo. Kisha muombe awasimulie wajukuu alivyokuwa akikimbiza kumbikumbi. Akikataa bado, zima simu hadi aondoke.

*Ile ya kutembea na simu ina faida? (Baba, Area C)*

Pokémon GO inahesabu kilomita: kuna mayai yanayoanguliwa ukitembea kilomita 2, 5 au 10. Mtoto akadirie mizunguko mingapi ya mtaa inatosha, kisha mhakiki kwa miguu. Nendeni jioni jua likipoa, na simu ishikwe na mtu mzima barabarani. Bando litalia, nakuonya.

*Mambo haya yamenikolea. Nimtoe mtoto shule nimfundishe nyumbani? (Mama, Ipagala)*

Hapana, mama. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inakutaka umwandikishe shule ya msingi na ahudhurie. Una jioni, Jumamosi na likizo mbili ndefu. Mimi hizo zenyewe zinanitoa jasho.