Kupangua baraza si kulivunja

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Rais akibadilisha mawaziri, gazeti moja huandika "apangua baraza", jingine "avunja baraza", na redioni nasikia "atengua". Je, yote ni mamoja? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Si mamoja, na mwandishi anayeyachanganya humpotosha msomaji.

Pangua ni panga iliyotiwa kiambishi cha kutendua, kama funga na fungua, kunja na kunjua. Ukipangua vyombo kabatini, vyombo vingali vipo. Kilichoondoka ni mpangilio. Kwa hiyo baraza likipanguliwa, huyu huhamishwa wizara, yule hutoka, mwingine huingia, na baraza lenyewe huendelea. Tarehe 13 Julai 1962 Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Macmillan, aliwaondoa mawaziri 7 kwa mpigo, theluthi ya baraza lake. Nchi ilishtuka, lakini kwa Kiswahili huko bado ni kupangua.

Vunja ni jambo jingine: kitu kizima hakipo tena. Na hapa ndipo sarufi yetu inaponifurahisha, maana inatenga kilichovunjwa na kilichovunjika. Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu wa Tanzania kwa sababu ya sakata la Richmond, yaani mkataba tata wa umeme na kampuni ya jina hilo. Ibara ya 57 ya Katiba inasema Waziri Mkuu akijiuzulu, viti vya mawaziri navyo huwa wazi. Hakuna aliyehitaji kumfukuza waziri mmoja mmoja. Nguzo iling'oka, paa likashuka nayo. Baraza lilivunjika. Rais Kikwete akamteua Mizengo Pinda na kuunda jipya.

Linganisha na Kenya, tarehe 11 Julai 2024, Rais Ruto alipowaachisha kazi mawaziri wote isipokuwa Mkuu wa Mawaziri, Musalia Mudavadi. Katiba haikulazimisha hilo. Palikuwa na mtendaji na uamuzi wake. Baraza lilivunjwa. Najua wapo watakaosema halikuvunjwa, kwa kuwa Mudavadi alibaki, na Naibu Rais ni mjumbe kwa mujibu wa Katiba, hafukuziki kwa tangazo. Kisheria hoja yao ina uzito. Lakini nyumba iliyobakiwa na fremu ya mlango na kona moja ya ukuta, sote tunasema imevunjwa. Majina mapya yalipotolewa, Wakenya walisema wateule wanakwenda "kupigwa msasa" bungeni, yaani kuhojiwa na kuchunguzwa kabla ya kuidhinishwa, neno zuri ambalo Tanzania hatuna pa kulitumia kwa mawaziri, kwani wetu huteuliwa miongoni mwa wabunge kisha wakaapishwa.

Marekani hata kuhamishana ni kazi. Mwaka 1985 James Baker, mkuu wa watumishi wa Ikulu, na Donald Regan, waziri wa fedha, walibadilishana viti. Baker ilibidi aidhinishwe na Seneti. Regan hakuhitaji, kwa kuwa cheo alichokwenda kushika hakipiti huko. Mimi ningeandika hivyohivyo, "wabadilishana viti", maana pangua ingekuwa kubwa mno kwa watu wawili.

Tengua hailihusu baraza kabisa. Kinachotenguliwa ni uteuzi, kama vile hukumu inavyotenguliwa na mahakama ya juu. Ndiyo maana taarifa za Ikulu yetu husema "Rais ametengua uteuzi wa fulani". Mtaani tunafupisha, "fulani katenguliwa", na katika mazungumzo sina ugomvi nalo. Katika habari iliyoandikwa, andika "uteuzi wake umetenguliwa".

Hukuuliza kuhusu jiuzulu, lakini huandamana na haya. Kuuzulu ni kumwondoa mtu katika cheo. Ji- humfanya ajiondoe mwenyewe. Basi "Rais amemjiuzulu waziri" ni kosa, na aliyeshinikizwa "amelazimishwa kujiuzulu". Ila "Rais amemuuzulu waziri" ni Kiswahili safi, kifupi, kinachosema wazi nani kamwondoa nani. Natamani wahariri walirudishe kwenye vichwa vya habari.