Hofu ya Nyuklia Inatoka Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba kinu cha nyuklia kinapozalisha umeme hakitoi hewa ya ukaa, na kwamba umeme huo umeua watu wachache mno ukilinganishwa na makaa ya mawe. Kama ndivyo, kwa nini watu bado wanauogopa, na je, elimu kwa umma itatosha kuwaondolea hofu hiyo?

JIBU: Ndugu msomaji, uliyoyasoma ni kweli, ila sidhani kama elimu peke yake itatosha, kwa sababu wengi wanaouogopa umeme huu hawakukosa maelezo ya kitaalamu, walifichwa habari walipozihitaji zaidi.

Kinu namba 4 cha kituo cha Chernobyl, nchini Ukraine iliyokuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti uliotawaliwa kutoka Moscow, kililipuka saa saba usiku, Aprili 26, 1986. Kulipokucha, wakazi wa mji jirani wa Pripyat waliendelea na shughuli zao, watoto wakicheza nje, na hawakuhamishwa hadi mchana wa siku iliyofuata. Aprili 28, mfanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Forsmark nchini Uswidi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huko, alipita kwenye kifaa cha kupimia mionzi, kikalia kwa sababu ya vumbi lenye mionzi lililoganda kwenye viatu vyake. Wenzake walidhani mtambo wao wenyewe unavuja. Jioni ya siku hiyo ndipo Moscow ilipotoa taarifa, nayo ilikuwa ya sentensi chache tu. Huko Japani nako, viini vya vinu vitatu vya Fukushima, yaani sehemu zenye fueli, viliyeyuka Machi 2011, lakini TEPCO, kampuni iliyoendesha kituo hicho, haikukiri hivyo hadi Mei, na ni kampuni hiyohiyo ambayo mwaka 2002 ilibainika kuwa ilighushi kumbukumbu za ukaguzi wa usalama.

Ufini ilichukua njia nyingine, na binafsi naiona ndiyo ya haki. Sheria yake ya mwaka 1987 inaipa halmashauri ya mahali husika haki ya kukataa kabisa mradi wa nyuklia, hata kama serikali kuu inautaka. Halmashauri ya Eurajoki, ikiwa na uwezo huo mkononi, ilikubali taka za nyuklia zizikwe katika mwamba wa eneo lake, zaidi ya mita 400 chini ya ardhi, na Bunge likaidhinisha uamuzi huo mwaka 2001.

Hata huko ahadi hazikutimia zote: kinu cha tatu cha Olkiluoto, katika eneo hilohilo, kilitarajiwa kuwashwa mwaka 2009, kikaanza uzalishaji wa kawaida mwaka 2023. Ucheleweshaji wa namna hiyo nao hupunguza imani.

Kwa hiyo, mahali popote panapopendekezwa kinu kipya, ningependa wananchi waulize kwanza kama wana haki ya kukataa, na kama vipimo vya mionzi vitatangazwa na mamlaka isiyowajibika kwa mwenye mtambo, tena siku hiyohiyo vinapochukuliwa.