Kwa nini skrini ya gari hupitwa na simu ya mkononi?

Swali: Gari langu liliundwa Japani mwaka 2017. Skrini yake ni nzito na ramani imepitwa na wakati, ilhali simu yangu ya bei nafuu hufanya yote kwa wepesi. Je, watengenezaji magari ni wavivu? Fundi mmoja ameahidi kuniwekea skrini ya kisasa kwa saa moja. – Msomaji, Ngala, Malindi

Jibu: Ndugu yangu, dhana hii kwamba mtengenezaji wa gari amelala ndiyo inayonikera kuliko zote. Gari hubuniwa na kujaribiwa kwa miaka kadhaa, na vifaa vyake vya elektroniki huchaguliwa mapema, kwa hiyo hata siku lilipotoka kiwandani, lako lilibeba chipu za miaka ya nyuma. Chipu hizo hupimwa kustahimili baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri hadi joto la nyuzi 85, na zile za karibu na injini hadi 125, pamoja na mtikisiko na umeme unaoporomoka kila stata inapozungushwa. Simu yako, ukiiacha juu ya dashibodi adhuhuri ya kaskazi, hulalamikia joto na kujizima.

Njia ya mkato, ya kutia garini vifaa vya simu, imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2021 kampuni ya Tesla iliyaita magari takriban 135,000 nchini Marekani yarudishwe kutengenezwa, kwa sababu chipu ya kumbukumbu ya gigabaiti 8, ya aina itumikayo katika simu, ilichakaa kwa kuandikwa tena na tena, na ilipokufa skrini ilizimika pamoja na picha ya kamera ya nyuma.

Skrini waweza kuibadilisha, mradi iunganishwe kwa soketi inayolingana na gari lako, bila kukata waya hata mmoja. Anayeahidi saa moja aghalabu hukata, husokota nyaya kwa vidole na kuzifunga tepu, ilhali kando yake zinapita nyaya za mikoba ya hewa (airbag) na za mtandao wa ndani wa gari, ambamo kompyuta za injini na breki husemezana. Upepo wetu wa chumvi hauchelewi kuila shaba iliyo wazi. Nimepokea magari ambayo betri hulala kila asubuhi, na mengine ambayo fyuzi ya ampea 10 iling'olewa ikawekwa ya 30 ili "isikatike". Fyuzi imewekwa ikatike kabla waya haujaungua. Ukiweka ya 30, waya ndio utakaoungua kwanza, tena katikati ya plastiki na sponji, mbele ya magoti ya dereva.