Jibu: Binti ana daraja la kwanza PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), ada ya uhandisi imetushinda

Salaam dada, na hongera kwa binti. Umesema chuo binafsi mlichokiona hapa Dar ada yake haishikiki, na unatafuta kwingine kwenye ufadhili wa ufaulu.

Kabla ya kuhangaikia chuo, angalia kwanza orodha ya majina ya Samia Scholarship, ufadhili wa serikali. Inawalenga waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita, uhandisi umo, na maombi yanapitia HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Ni ufadhili, haurudishwi kama mkopo.

Jina lisipokuwepo, aombe mkopo wa HESLB mara dirisha likifunguliwa, asisubiri majibu ya chuo. Hapa ndipo wengi hukwama: cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Mdogo wangu cheti kilisema "Ally", cha kidato cha nne "Ali", herufi moja tu ikatuzungusha mpaka dirisha likakaribia kufungwa. Viweke vyeti vyote mezani leo, mlinganishe majina herufi kwa herufi.

Vyuo, anzeni na vya serikali: UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) pale Mlimani, na DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) pale mjini. Akikubali kutoka Dar, kuna MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, Mbeya. Mimi ningeweka DIT juu kabisa, mafunzo yao ni ya karakana kweli, na akilala nyumbani mnaokoa pesa ya hosteli.

Chuo chochote kingine, hakikisheni kozi inatambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), kisha waulizeni Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhitimu wake anasajiliwa. Ulizeni kabla ya kulipa hata shilingi.