Maswali ya Wasomaji: Je, Tunahitaji Injini ya Kanuni?

SWALI: Ndugu Mhariri, tunatunza mfumo wa kukokotoa ada za bima ya magari ulioandikwa kwa lugha ya programu ya Java. Kanuni zilianza chache, lakini sasa zimezidi mia mbili na zimetawanyika kila mahali ndani ya programu, hivi kwamba kitengo cha bima kikibadilisha asilimia moja tu, sisi hulazimika kutoa toleo jipya zima. Wenzangu wanataka tuhamie Drools, ambayo ni injini ya kanuni, yaani programu inayotunza kanuni kando na kuzitekeleza. Mimi nachelea kuongeza mzigo juu ya mzigo. Tuchague vipi?

JIBU: Kabla ya kulinganisha injini, chunguzeni kama kanuni zenu zinategemeana. Ikiwa kila kanuni husoma umri wa dereva, aina ya gari na madai yaliyopita, kisha ikatoa jibu lake bila kuigusa nyingine, mnachohitaji ni majedwali ya maamuzi, ambayo kila mstari wake huonyesha masharti na jibu lake. Utaratibu sanifu wa kuandika majedwali hayo, DMN (Decision Model and Notation), uliotolewa mwaka 2015 na OMG, shirika la kuweka viwango vya programu, unaeleza hata la kufanya pale mistari miwili inapolingana na ombi moja: ama jambo hilo lihesabiwe kuwa kosa, ama mstari wa kwanza ushike, ama matokeo yote yakusanywe. Kwa mfumo kama mlioueleza, mimi ningeanzia hapo, na Drools yenyewe inayasoma majedwali hayo.

Injini kamili ina faida pale hitimisho la kanuni moja linapokuwa sharti la nyingine. Nyingi kati ya injini hizo zimejengwa juu ya algoriti (utaratibu wa kukokotoa) ya Rete, ambayo Charles Forgy wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliibuni katika miaka ya 1970, na Drools tangu toleo la 6 hutumia PHREAK, algoriti iliyotokana na Rete. Rete hukumbuka ni masharti yapi yamekwisha kutimia, ili taarifa moja ikibadilika, yapimwe upya yale tu yanayohusika nayo. Kasi hiyo hulipiwa kwa kumbukumbu ya kompyuta. Basi, ikiwa kila ombi la bima huja na taarifa mpya, likajibiwa na kusahauliwa, sehemu kubwa ya faida hiyo hamtaipata.

Kuna pia mtego ambao huwanasa wengi siku za mwanzo. Chukua kanuni isemayo kwamba dereva aliye chini ya miaka 25 aongezewe ada kwa asilimia 20. Kanuni ikiandika ada mpya ndani ya taarifa ileile ya dereva, kisha ikaiarifu injini kwamba taarifa nzima imebadilika, injini itaipima tena, itakuta umri bado uko chini ya 25, na itaongeza tena: ada ya 100 inakuwa 120, kisha 144, na haikomi. Kuizuia kanuni isijiamshe yenyewe kunasaidia kidogo tu, kwa kuwa kanuni mbili zinaweza kuamshana kwa zamu. Ni salama zaidi nyongeza iandikwe kama taarifa mpya inayojitegemea, na jumla ikokotolewe mwishoni. Na mkijikuta mnazipa kanuni namba za kipaumbele ili zifuatane moja baada ya nyingine (hili hutokea mapema kuliko watu wanavyodhani), jueni mmerudi kuandika programu ya kawaida kwa njia ya kuzunguka.

Ahadi kwamba watu wa bima watabadilisha kanuni wenyewe isipokewe bila kujaribiwa. Wapeni jedwali moja, waombeni wabadilishe asilimia bila msaada wenu, kisha lipitisheni kwenye maombi ya zamani ambayo majibu yake yanajulikana. Hakikisheni vilevile kwamba kila kanuni ina tarehe ya kuanza na ya kukoma kutumika, maana mteja anayelalamikia ada ya mwaka jana lazima ajibiwe kwa kanuni za mwaka jana. Injini isiyoweza kuonyesha ni kanuni zipi zilizotumika katika ombi fulani, hata iwe na kasi kiasi gani, iondoeni kwenye orodha yenu.